Masikio Mawili, Spika Sita

Kila nikipost kitu kuhusu kuhariri sauti, kuna msee lazima aniambie ati huwezi kutengeneza miksi ya 5.1 kejani bila spika sita, na kama unaskiza kwa hedifoni basi unabahatisha tu. Mimi nasema historia inakubaliana na huyo msee nusu. Nusu ingine ndiyo inafungia vijana wengi nje ya kazi ya sauti za filamu.

Anzia 1931, Uingereza. Mhandisi Alan Blumlein aliomba hataza ya ile kitu leo tunaita stereo. Inasimuliwa kwamba alikuwa sinema na mkewe, akakerwa kuona mwigizaji yuko upande mmoja wa skrini na sauti yake inatoka kwingine. Akaanza na swali: masikio mawili hujuaje sauti imetoka wapi? Shikilia hilo swali.

1940 Disney wakatoa Fantasia na mtambo wao wa Fantasound. Sauti ilikaa kwa ukanda wake wa filamu, kando na picha. Bei ilikuwa noma, kumbi zilizofungiwa huo mtambo zikawa chache sana. 1979 ikaja Apocalypse Now, Walter Murch na wenzake wakazungusha helikopta juu ya vichwa vya watu. Tamu, lakini kusikia hiyo miksi kabla ya watazamaji, ulihitaji chumba chenye spika pande zote. Mwenye chumba ndiye alikuwa na uamuzi.

1992 Batman Returns ikaingia sinema na Dolby Digital, halafu DVD zikaleta hizo chaneli sita hadi sebuleni. Hapa ndipo kompyuta ya nyumbani inaingia, na hapa ndipo kulikuwa na kizungumkuti watu wamesahau.

Mwanzo wa miaka ya 2000 ungenunua kadi ya sauti yenye matundu matatu: kijani ya spika za mbele, nyeusi ya nyuma, chungwa ya katikati na wufa. Poa, kama una spika ndogo za kompyuta. Lakini kama ulikuwa na amplifaya ya maana, imeunganishwa na ule waya mmoja wa dijitali, S/PDIF, ulikwama. Huo waya unabeba chaneli mbili tu za sauti isiyobanwa. Filamu ya DVD ilipita kwa sababu sauti yake ilikuwa imeshabanwa. Kazi yako wewe, ile bado unahariri, ni chaneli sita mbichi. Haipiti!

Kwa hivyo ungefanyaje? Unatoa kipande kizima, unakibana, unakicheza, unaskiza, unarudi. Umeshusha mvua kidogo kwa spika za nyuma? Anza tena. Hebu fikiria kuonja mchuzi hivyo. 2001 Nvidia wakatoa chipu za nForce zilizoweza kubana hizo chaneli papo hapo, na baadaye HDMI ikabeba chaneli nane bila kubana. Lakini bado ulihitaji spika, na keja ya kuzipanga bila landlord kubisha.

Hedifoni ndizo zilirudi kwa swali la Blumlein. Sauti ikitoka kushoto, inachelewa kidogo kufika sikio la kulia, chini ya milisekunde moja, na kichwa chako kinaikata njiani. Umbo la sikio nalo linaibadilisha. Programu inaiga hayo yote, spika sita zinakuwa mbili. 2021 Apple waliweka hiyo kitu ndani ya Logic Pro, pamoja na miksi za Atmos.

Sasa ile nusu ya ukweli: kichwa kilichopimwa si chako. Mbele na nyuma zinaweza kukuchanganya, na sauti zingine zinakaa katikati ya fuvu badala ya chumbani. Kwa hivyo usiamini hedifoni kwa kila kitu.

Lakini pia mtazamaji wako mwenyewe yuko kwa matatu na simu. (Na matatu yenye spika kumi haihesabiki, hiyo ni kelele tu.) 5.1 ikikunjwa kuwa stereo, kwa kawaida chaneli ya katikati inagawiwa pande zote mbili ikishushwa desibeli 3, na ile .1 ya wufa mara nyingi inatupwa kabisa. Kama mlipuko wako unaishi kwa wufa peke yake, kwa simu hakuna mlipuko.

Mimi maongezi na usafi wote wa sauti nafanya nikiskiza stereo iliyokunjwa. Kupanga vitu chumbani natumia hedifoni. Mwisho nachanga doo na mbogi tunakodi chumba cha spika sita saa moja, na orodha fupi mkononi: nini kiko nyuma, wufa iko wapi, helikopta inapita ama inaruka.