Nusu marathoni ya kwanza: namna ya kufika mwisho ukiwa mzima

Rock City Marathon ilianza kukimbiwa jijini Mwanza mwaka 2009, na kila inapotangazwa swali ni lile lile: mtu ambaye hajawahi kushindana anaweza kumaliza kilomita 21? Anaweza, akiwa na miezi mitatu ya kujiandaa na asiwe na haraka.

Ukikimbia kilomita moja kwa dakika 8, mwendo unaokuruhusu kuongea na mwenzako bila kuhema, utamaliza kwa saa 2 na dakika 49 hivi. Kabla ya kulipa ada, waulize waandaaji muda wa mwisho wa kumaliza. Barabara ikishafunguliwa utakuwa unakwepa daladala.

Mazoezi ya siku tatu au nne kwa wiki yanatosha. Siku moja iwe ya mbio ndefu: anza na kilomita 5, ongeza moja kila wiki hadi 15, kisha wiki ya mwisho upunguze. Kama uko Magu au Sengerema na huna saa ya kupimia, mita ya pikipiki inatosha. Mwombe jirani apite njia yako mara moja, muweke alama kwenye miti. Tafuta na kilima, maana Mwanza haina barabara nyingi tambarare. Raba za mtumba hazina ubaya zikikukaa vizuri, ila usivae mpya siku ya mbio. Malengelenge yatakumaliza kabla ya pumzi.

Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au sikoseli amwone daktari kwanza. Sikoseli ni nyingi Kanda ya Ziwa, hivyo hili tunalisisitiza.

Asubuhi ya mbio, kunywa uji au kula kiazi kitamu saa mbili kabla. Wengi huchomoka kama wanafukuzwa. Waache, utawakuta mbele wakitembea. Kwenye vituo vya maji kunywa kidogo kidogo, kadiri ya kiu. Kutembea si aibu.

Watu hupenda kumtaja John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Tunamheshimu sana. Lakini yeye alibeba bendera ya taifa. Wewe goti likivimba, au ukianza kuona kizunguzungu, simama na uite huduma ya kwanza. Mbio zipo tena mwakani.

Ukishamaliza, usiingie ziwani kupoza miguu, hata mazoezini. Vijidudu vya kichocho hupenya kwenye ngozi ndani ya dakika chache tu, hata kama huna kidonda. Chota maji ya bomba kwenye beseni.