Enzi Watu Walipolegeza Lenzi Ili Kamera Isijiamulie Mwanga

Wiki iliyopita mshikaji wangu mmoja (simtaji, anajijua) kashuti harusi kamera ikiwa oto. Bibi harusi kaingia na shela jeupe, kamera ikaona mwanga umezidi, ikapunguza yenyewe. Sura ya dada wa watu nyeusi tii! Alipopita tu, ukumbi mzima ukawaka. Mpaka leo hela iliyobaki hajalipwa.

Nilicheka, ila nikakumbuka kwamba kuna kipindi hata mabingwa wa Marekani hawakuwa na ujanja.

Agosti 2008 Nikon walitoa D90, kamera ya kwanza ya picha ya aina ya DSLR kurekodi video. Mwezi uliofuata Canon wakatangaza EOS 5D Mark II, yenye video ya 1080p. Picha yake watu waliiona ya kisinema kabisa, mandhari ya nyuma yanafifia laini. Tatizo moja tu: kwenye video, mwanga ilijipangia yenyewe. Wewe kazi yako kushika tu.

Watu wakaona isiwe tabu. Wengine walifunga lenzi za zamani za Nikon kwa adapta, maana apecha yake unaizungusha kwa mkono na kamera haiwezi kuigusa. Wengine walibonyeza kile kitufe cha kuonjesha apecha, halafu wakalegeza lenzi kidogo ili mawasiliano yakatike. Apecha inabaki palepale ulipoiacha. Hebu fikiria, unashuti kazi ya watu huku lenzi imening'inia!

Kelele zikawa nyingi. Juni 2009 Canon wakatoa programu mpya ya kuweka kwenye kamera ileile, na sasa apecha, ISO na spidi ya shata ukapanga mwenyewe. Machi 2010 wakaongeza fremu 24 na 25 kwa sekunde. Mei mwaka huohuo, tamthilia ya House ikarusha kipande cha mwisho cha msimu wa 6 kilichoshutiwa kwa kamera hiyo. Kamera ya picha, TV ya Marekani!

Sasa wewe hiyo manyuo unayo bure kwenye kamera yako, unaiogopa nini? Anza hivi: fremu 25, shata 1/50. Shata iwe mara mbili ya fremu, ndiyo mwendo tuliozoea kuuona kwenye sinema. Na umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo 1/50 inasaidia taa za ukumbini zisichezecheze. Apecha chagua kulingana na unavyotaka nyuma ififie, ISO iwe ya mwisho kupandisha. Nje jua likiwa kali, funga kichujio cha ND, shata usiiguse.

Wenzetu walilegeza lenzi ili wapate hicho kitu. Wewe ni kuzungusha kitufe tu.

Haya, nani humu bado anashuti oto? Jitaje mwenyewe kabla sijakutaja!