Mkuki wa Otenyo na Daftari la Serikali

Msomaji mpenzi, ukisimama juu ya ukingo wa Manga, mahali zinapokutana Kisii na Nyamira, utaiona nchi ya Abagusii imelala chini yako: migomba, mashamba ya chai, na vilima vinavyofuatana kama mawimbi. Wazee wa nchi hiyo hawakuwa na vitabu. Habari zao walizitia vichwani: majina ya vizazi, vita vya Saosao walipopigana na Wakipsigis, safari ya mababu kupita nchi ya Kano na Kabianga, na jinsi walivyogawanyika kuwa Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Machoge, Mugirango na wengineo. Mwaka 1907 serikali ya Kiingereza ilifungua boma huko Getembe. Watu wakapaita Bosongo, yaani kwa wazungu. Pamoja na boma, bendera na kodi, likaja na daftari.

Yafaa ujue kazi ya daftari hilo. Bwana D.C. alikuwa hakimu, mtoza kodi na mkuu wa askari. Tena, apende asipende, alikuwa mwandishi wa tarehe. Kila mwaka ilimpasa kupeleka taarifa kwa mkubwa wake Kisumu. Alipohamishwa, alimwachia mrithi wake maandishi kuhusu machifu, koo, desturi na magomvi ya mipaka. Aliandika yale yaliyoihusu kazi yake. Mtu aliyelima shamba lake kwa amani, akalipa kodi ya nyumba, akafa mzee, huenda asipate hata mstari mmoja humo. Yule aliyekataa kulipa alipata mistari mitatu. Basi usidhani kwamba nchi ilikuwa na wakorofi tu.

Twaa mfano wa Januari 1908. Ofisa aliyesimamia boma hilo aliitwa Geoffry Northcote, ambaye Abagusii, kwa ndimi zao, walimwita Nyarigoti. Kijana mmoja wa Kitutu, Otenyo Nyamaterere, alimchoma mkuki mgongoni. Northcote hakufa. Serikali ikaleta askari; nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatwaliwa, watu wakauawa kwa wingi. Hii haikuwa mara ya kwanza, kwani mwaka 1905 pia jeshi lilikuwa limeingia nchini humo na bunduki za mzinga.

Sasa angalia jambo la ajabu. Habari za operesheni hiyo zilipelekwa London kwa simu, zikitaja idadi ya waliouawa na ya ng'ombe waliotekwa. Huko zikamfikia Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa waziri mdogo wa makoloni. Naye, katika maandishi yake ya Februari 1908, alilalamika kwamba kazi ile yafanana na uchinjaji, akauliza kama kweli ilikuwa lazima kuendelea kuua kwa kiasi kikubwa namna hiyo watu wasioweza kujitetea. Aliogopa pia, nasi tusimfiche, kwamba Bunge likipata habari mambo yatamharibikia. Maneno hayo hayakutoka kwa adui wa serikali. Ni serikali yenyewe iliyoyaandika, ikayahifadhi katika majalada yake, na leo tunayasoma. Ndiyo sababu sikubaliani na wale wasemao kwamba karatasi za wakoloni ni uongo mtupu, zifaazo kutupwa.

Lakini simu haikueleza kwa nini kijana aliushika mkuki. Jambo hilo walilihifadhi wazee. Wao humtaja Moraa Ngiti, mama aliyekuwa mganga na mtabiri huko Kitutu, aliyewaaibisha vijana kwa kuwaacha wageni watwae ng'ombe wao. Humtaja pia Sakawa, mtabiri wa zamani zaidi, aliyeonya kwamba wageni watakuja na kujenga pale Getembe. Kisha husimulia kwamba Otenyo alipokamatwa aliuawa, kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Uingereza. Hapa, msomaji, mwanafunzi wa historia hana budi kusimama kidogo. Mzee naye ana mambo apendayo kuyakumbuka na mambo apendayo kuyasahau, sawasawa na Bwana D.C. Muulize kwa adabu: Baba, wewe uliambiwa na nani? Na yeye aliona kwa macho yake?

Wako waliofanya hivyo. Philip Mayer alitumwa na serikali katika miaka ya 1940 kuchunguza ukoo na mahari za Abagusii, akachapisha maandishi yake mwaka 1949 na 1950. Yeye alilipwa na serikali. Hata hivyo aliketi na wazee. Baadaye William Ochieng', Mjaluo kutoka nchi jirani, alikusanya masimulizi ya koo moja moja, akayalinganisha na karatasi, na mwaka 1974 kitabu chake juu ya Abagusii kabla ya ukoloni kikatoka. Kazi ngumu ya namna hiyo haifanywi kwa kukaa ofisini peke yake.

Ukienda Nairobi katika Nyaraka za Taifa, zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 1965, usiombe jalada la Nyamira la mwaka 1930, maana hutalipata. Zamani hizo Kisii, Nyamira, na nchi za Wajaluo na Wakuria wa kusini zilikuwa wilaya moja, nayo iliitwa Kavirondo ya Kusini. Nyamira ilikuwa wilaya mwishoni mwa miaka ya 1980, na kaunti baada ya katiba ya 2010. Kwa hiyo mzee aliyezaliwa huko mwaka 1930, kwa karatasi ni mzaliwa wa Kavirondo ya Kusini. Ukimwuliza yeye mwenyewe atakuambia kwamba alizaliwa Mugirango. Naye atakutajia baba, babu, na baba wa babu, mpaka wino wako ukuishie.