Windows 10: masini bado nzima, lakini kampuni imeiacha

Kwenye vibanda vya fotokopi na vya kuandikisha barua, iwe Butembo, Bunia, Kindu ao Lubumbashi, tangazo moja linarudi kila mara kwenye ekrani: Windows 10 imefika mwisho. Mteja anangoja CV yake, mwenye kibanda anabonyeza msalaba liondoke, kesho liko pale tena. Swali la watu ni moja: masini inawaka, inaandika, inatoa karatasi, sasa shida iko wapi?

Windows 10 ilitoka mwezi wa 7 mwaka 2015. Tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kuitumia masahihisho ya kawaida, yale yanayoandikwa «mises à jour». Masini haizimiki, wala faili hazifutiki. Lakini tundu jipya likigunduliwa ndani ya programu, hakuna wa kuliziba. Na kibanda cha fotokopi njo mahali pabaya kabisa kwa jambo hilo, juu flashi za watu wengi zinapita kwenye masini moja kila siku: ya mwanafunzi mwenye TFC, ya mwalimu, ya mama anayeomba kazi. Virusi ikiingia asubuhi, jioni imeisha kuenea mtaa mzima.

Kupanda Windows 11 ni bure, lakini si kwa kila masini, na hapo njo watu wanakasirika. Inaomba RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, na kitu kidogo kinachoitwa TPM 2.0, kinacholinda funguo za siri za kompyuta. Tena inakataa prosesa nyingi za kabla ya 2018, hata ukiongeza RAM. Kampuni inasema ni kwa ajili ya usalama, na hiyo si uongo. Lakini kompyuta nyingi za hapa kwetu ni za okazioni, zilichoka kwanza katika ofisi za Ulaya kabla ya kupanda kontena. Asiye na pesa ya masini mpya njo anabaki bila ulinzi.

Kuna muda wa nyongeza, mpaka tarehe 13 mwezi wa 10 mwaka 2026. Unalipa dola 30, na malipo hayo yanaweza kutumika kwa masini mpaka 10 za akaunti moja. Ama hulipi kitu, ila ukubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Katika nchi za Ulaya, mashirika ya kutetea wanunuzi yalilalamika, na sharti hilo likaondolewa kwao. Kwetu limebaki. Kwanza hakikisha masini iko kwenye toleo 22H2: bonyeza kibonye cha Windows pamoja na R, andika winver.

Mega ni shida nyingine. Mtu anafungua intaneti ya simu atume barua moja, Windows inakula forfait yote. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi kuna pa kuwasha «connexion limitée». Masahihisho mengi yatangoja mpaka uyaruhusu.

Kwa masini isiyokubaliwa, Linux Mint ni ya bure na inatosheka na RAM ya GB 2, ijapokuwa 4 ni bora. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta Windows. Inakuja na LibreOffice, inayofungua faili za Word, lakini meza na pembezo zinaweza kuhama: kazi ya mteja itolewe kwa PDF. Jaribu pia kama imprimanti na skana zinaitika. Na kabla ya kugusa lolote, faili za wateja zinakiliwe kwenye diski nyingine.