Hirizi za Wamisri wa Kale na Jiwe la Moyo



Leo twataka kusema habari za hirizi za Wamisri wa kale. Taifa lile lilijua kuandika, kujenga kwa mawe na kuhesabu siku za mwaka, zaidi ya miaka 2000 kabla ya kuzaliwa Yezu Kristu. Hata hivyo, mkubwa kwa mdogo, hawakuthubutu kuishi wala kuzikwa pasipo kitu cha kuwalinda.

Hirizi zao zilikuwa mapambo pia. Tajiri alivaa dhahabu ya Nubia, feruzi ya Sinai, na jiwe la buluu lililotoka mbali, katika milima ya Afuganistani. Maskini alivaa hirizi ya mchanga mweupe uliosagwa, ukatiwa shaba kidogo, ukafinyangwa katika kalibu na kuchomwa motoni hata ukang'aa. Wengi walivaa jicho la mungu wao Horus, lililojeruhiwa kisha likaponywa. Mwanamke mwenye mimba alivaa sura ya Taweret, mfano wa kiboko, ili azae salama. Tusiwacheke. Mama aogopaye kifo cha mtoto wake ni yule yule katika kila nchi.

Wafu nao walivikwa hirizi. Kaburi la mfalme Tutankhamun, aliyekufa angali kijana, lilivumbuliwa mwaka 1922. Maiti yake ilipofunuliwa mwaka 1925, hirizi na mapambo zaidi ya 140 yalionekana kati ya vitambaa.

Lakini hirizi moja yatufundisha kuliko zote. Wamisri walipokausha maiti, waliondoa maini, mapafu na matumbo, bali moyo waliuacha mahali pake. Walisadiki kwamba moyo ndio unaokumbuka matendo yote ya mtu, na kwamba baada ya kufa utapimwa katika mizani, unyoya wa kweli ukiwa upande wa pili. Moyo uliopatikana na hatia uliliwa na mnyama mwenye kichwa cha mamba. Basi juu ya kifua waliweka jiwe la rangi ya majani, lililochongwa mfano wa dundu abingirishaye mavi. Chini yake yaliandikwa maneno ya kuusihi moyo usisimame kuwa shahidi juu ya mwenyewe. Jiwe moja la namna hiyo, lenye jina la mfalme Sobekemsaf, limehifadhiwa London hata leo.

Sikieni sasa yaliyompata mfalme mwenye jina lilo hilo. Karibu mwaka 1110 kabla ya Kristu, mchonga mawe mmoja, Amenpanufer, alishtakiwa kwa wizi. Alikiri barazani kwamba yeye na wenziwe walitoboa kaburi, wakamkuta mfalme na hirizi nyingi za dhahabu shingoni. Wakamvua zote, wakayatia majeneza moto, wakagawana dhahabu mafungu 8. Maandiko ya shauri hilo yapo hata sasa: nusu iko Brussels, nusu New York. Hirizi zile hazikumlinda mfalme. Ndizo zilizowavuta wezi.

Tufikiri basi. Wamisri walijua kwamba cheo na mali havitazamwi katika hukumu, ila moyo. Ujuzi huo ulikuwa mkubwa. Lakini walipoogopa moyo utasema nini, walitafuta jiwe la kuunyamazisha. Sisi twafundishwa kuungama, yaani kuuacha moyo useme tungali hai. Mtu anayeungama huku ameficha hirizi chini ya nguo, ajiulize anamwogopa nani.

Maswali ya kujibu pamoja:
1. Kwa nini Wamisri hawakuuondoa moyo wa maiti?
2. Jiwe la dundu liliombwa kufanya nini?
3. Mama mwenye hofu kwa mtoto wake, tumsaidieje pasipo kumdharau?