Shaka na Maneno Yake katika Utabiri wa Hali ya Hewa

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Oktoba 1859, merikebu iitwayo Royal Charter, iliyokuwa ikitoka Melbourne kwenda Liverpool pamoja na watu waliorejea kutoka machimbo ya dhahabu, ilitupwa na tufani juu ya miamba ya kisiwa cha Anglesey. Watu wapatao 450 walikufa, wengi wao wakiwa karibu mno na nchi kavu. Msiba huo ulimpa nguvu Robert FitzRoy, ambaye zamani alikuwa nahodha wa Beagle, merikebu iliyomchukua Charles Darwin, na ambaye tangu 1854 aliongoza idara ndogo ya serikali ya Uingereza iliyokusanya habari za hewa ya baharini. Kwa kuwa simu ya waya ilikuwa imekwisha kuunganisha pwani na London, FitzRoy aliona kuwa habari za tufani zaweza kuitangulia tufani yenyewe. Mwezi wa Februari 1861 alianza kupeleka maonyo bandarini, ambako ishara zilipandishwa mlingotini ili mabaharia wazione. Na mwezi wa Agosti mwaka huo huo makadirio yake ya hewa ya siku zilizofuata yakaanza kuchapwa katika gazeti la The Times.

Hapo ndipo jambo la lugha lilipoanza. FitzRoy alihitaji jina la kitu alichokuwa akikitoa, na lugha yake ilikuwa na majina tayari, nayo yote hayakumfaa, maana yalinuka unabii au uaguzi. Walikuwapo wakati ule watunga almanaka waliouza hewa ya mwaka mzima kwa kutazama mwezi na sayari, na FitzRoy hakutaka kuhesabiwa pamoja nao. Akachagua neno "forecast", ambalo katika Kiingereza cha zamani lilikuwa na maana ya kupanga mambo mapema na kuyatazamia, na katika kitabu chake cha 1863 akaeleza kwamba alilitumia kwa rai inayopatikana kwa kukusanya vipimo na kuvifanyia hesabu. Yaani shaka ilikuwa ndani ya neno lenyewe tangu lilipochaguliwa: lilikuwa jina la rai.

Wasomaji wa gazeti hawakulipokea hivyo. Kwao kilichochapwa na idara ya serikali kilikuwa ahadi, na mvua ilipokosa kunyesha siku iliyotajwa, walidhihaki. FitzRoy alijiua tarehe 30 Aprili 1865. Alikuwa na maradhi, na fedha zake zilikuwa zimekwisha, basi si haki kusema kwamba dhihaka peke yake ndiyo iliyomwua. Lakini ilikuwamo katika mzigo wake. Mwaka uliofuata kamati iliyokuwa na Francis Galton ndani yake ilisema kwamba kazi ile haikuwa na msingi wa kutosha wa sayansi, na maonyo pamoja na utabiri vikasimamishwa. Yafaa kuangalia kilichorudi kwanza. Maonyo ya tufani yalirudishwa mwaka 1867, kwa kuwa watu wa bahari waliyadai. Utabiri wa magazetini ukangoja hadi 1879. Baharia aliyeona ishara mlingotini alijua la kufanya, na alijua pia kwamba ishara ikiwa ya uongo hasara yake ni siku moja bandarini, na ikiwa ya kweli hasara ya kuidharau ni chombo na watu wake. Shaka haikumsumbua, kwa sababu aliweza kuipima kwa kazi yake. Msomaji wa mjini hakuwa na mizani hiyo.

Marekani ilianza kwa njia nyingine. Cleveland Abbe, mnajimu wa sayansi aliyesimamia nyumba ya kutazamia nyota huko Cincinnati, alipoanza mwaka 1871 kutoa taarifa za serikali juu ya hewa, taarifa hizo ziliitwa "probabilities", ndiyo kusema mambo yaliyo yamkini. Jina halikuficha kitu. Hata watu wakampa mtoaji wake lakabu ya utani, wakamwita Mzee Yamkini. Mwaka 1876 jina likageuzwa kuwa "indications", yaani dalili. Mwaka 1889 likageuzwa tena, likawa "forecasts", lile lile la FitzRoy. Katika miaka kumi na minane, basi, shaka ilitoka mbele ya taarifa, ikaingia nyuma ya dalili, kisha ikatoweka. Maana kufikia wakati huo "forecast" lilikuwa limekwisha poteza ile maana ya rai aliyoitaka mwanzilishi wake. Hewa haikuwa imezidi kujulikana kwa kadiri hiyo.

Kwa kuwa maneno yaliteleza, wengine walijaribu tarakimu. Ernest Cooke, mnajimu wa serikali huko Perth katika Australia Magharibi, alianza mwaka 1905 kuweka nambari pembeni ya kila sehemu ya utabiri wake. Tano ilikuwa ya jambo linaloweza kutegemewa karibu bila shaka yoyote, nne ya jambo la kutegemewa ingawa laweza kukosea kama mara moja katika kumi, na hivyo kushuka hadi moja, jambo lisilotazamiwa kutokea. Hoja yake ilikuwa ya uaminifu tu: mtoaji wa utabiri anajua lipi ana yakini nalo na lipi anakisia, na kuyatoa yote kwa sauti moja ni kumnyima msomaji nusu ya habari. Alipoyaandika hayo katika jarida la Marekani mwaka 1906, alijibiwa na mtaalamu wa huko kwamba watu wanataka maneno mafupi yasiyo na utata. Jibu hilo limerudiwa tangu siku hiyo na kila ofisi iliyoogopa shaka, na ubovu wake ni ule ule: laeleza watu wanachopenda kusikia, si wanachohitaji. Mwaka 1920 Cleve Hallenbeck wa Roswell, New Mexico, alionyesha kinyume chake. Aliwapa wakulima wa majani ya alfalfa asilimia za mvua, nao wakazitumia, maana majani yaliyokatwa huharibika yakinyeshewa, na mkulima alijua ni kwa asilimia ngapi inafaa kukata na kwa ngapi inafaa kungoja.

Asilimia za mvua zilienea Marekani nzima kuanzia 1965. Zikapata msingi imara zaidi baadaye. Edward Lorenz alikuwa ameonyesha mwaka 1963 kwamba tofauti ndogo sana mwanzoni mwa hesabu ya hewa hukua hata ikafanya siku za mbele zisijulikane. Na tangu 1992 vituo vikubwa vya Ulaya na Marekani hufanya hesabu ile ile mara nyingi, kila mara kwa mwanzo uliogeuzwa kidogo, kisha kutazama ni ngapi zilizoleta mvua. Hivyo shaka yenyewe ikapata kipimo.

Lakini tarakimu nayo yahitaji neno la kuishika. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 na Gerd Gigerenzer na wenzake uliwauliza watu wa Amsterdam, Athens, Berlin, Milan na New York maana ya kusema kwamba kesho pana asilimia 30 za mvua. Wengi walidhani mvua itanyesha katika asilimia 30 ya eneo, au kwa asilimia 30 ya saa za siku. New York peke yake, mji uliozoea usemi huo kwa miaka arobaini, ndiyo iliyokuwa na wengi walioelewa kwamba maana yake ni siku tatu katika kumi zilizo mfano wa hiyo. Kosa halikuwa la hesabu. Usemi ulikuwa umeacha kutaja ni asilimia ya nini.

Ubaya wa kuacha hayo ulionekana Grand Forks, mji wa North Dakota ulio kando ya Mto Red, mwaka 1997. Tangu Februari ilitangazwa kwamba mto utafika futi 47 na nusu kama theluji haitaongezeka, na futi 49 kama itaongezeka kwa wastani. Hayo yalikuwa makisio mawili yenye masharti. Mjini yakasomwa kama ukomo. Wapo walioshika 49 kuwa kipimo kamili, na wapo walioshika kuwa kipeo kisichoweza kupitwa. Kuta za udongo zikainuliwa kupita hapo kwa futi chache. Mwezi wa Aprili maji yalipita futi 54, na karibu watu wote wa mji wakahama. Kwamba makadirio ya mto ule yaliweza kupotoka kwa futi kadhaa lilikuwa jambo la kujulikana kutokana na miaka ya nyuma. Halikutiwa katika tangazo.

Kwa wanaoshughulika na Kiswahili historia hii si ya mbali. Neno utabiri latokana na Kiarabu, na asili yake ni kufasiri ndoto. Tafsiri za Biblia zilipotumia kutabiri kwa kazi ya manabii, harufu ile aliyoikimbia FitzRoy ikakaa papo hapo. Neno makisio, ambalo chanzo chake ni kupima na kulinganisha, lingalikuwa karibu zaidi na nia yake. Na ajabu kubwa i katika neno labda. Katika Kiarabu *lā budda* ni jambo lisilo na kuepukika. Kiswahili kililigawa: sehemu yake moja ikabaki na ulazima katika "sina budi", na lile zima, lililoandikwa zamani *labuda*, likateremka hadi likawa neno la shaka tupu. Neno la yakini laweza kwenda mbali kiasi hicho pasipo mtu kuamua.

Tangu 1998, baada ya mvua kubwa za El Niño, wataalamu wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika hukutana kutoa mwelekeo wa mvua za msimu. Mvua za miaka mingi iliyopita hugawanywa mafungu matatu yaliyo sawa, la juu ya wastani, la wastani na la chini yake, na kila fungu hupewa asilimia. Chukua mfano wa 45, 35 na 20. Fungu la juu ndilo lenye nguvu, na hata hivyo yapo mambo 55 katika 100 ya kwamba mvua hazitafika juu ya wastani. Taarifa hiyo ikitiwa katika Kiswahili cha redio, mara nyingi hutoka hivi: mvua za juu ya wastani zinatarajiwa. Kutarajia kwa asili yake ni kutumaini, na mkulima anayechagua kati ya mbegu ya mahindi na ya mtama hulisikia kuwa ni ahadi. Zile 35 na 20 zimebaki katika karatasi ya kikao.