Nightbreed (filamu)

Nightbreed ni filamu ya kutisha na ya njozi kutoka Marekani iliyotolewa tarehe 16 Februari 1990. Iliandikwa na kuongozwa na Mwingereza Clive Barker, kutokana na riwaya yake fupi iitwayo Cabal iliyochapishwa mwaka 1988. Nyota wake ni Craig Sheffer, Anne Bobby na David Cronenberg. Filamu inahusu kijana anayeshutumiwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya, ambaye anakimbilia Midian, mji uliofichwa chini ya makaburi ambamo mazimwi wanaishi mbali na macho ya wanadamu. Tofauti na filamu nyingi za kutisha za wakati wake, hapa mazimwi ndio wanaowindwa, na hatari inatoka kwa daktari, polisi na raia wenye bunduki.

Muhtasari wa hadithi

Aaron Boone (Sheffer) ni kijana wa Calgary, nchini Kanada, ambaye kila mara huota ndoto kuhusu Midian, mahali ambapo viumbe waliokataliwa na dunia hupokelewa na kusamehewa. Kwa kusihiwa na mpenzi wake Lori (Bobby), anatibiwa na Dk. Philip Decker (Cronenberg), daktari wa magonjwa ya akili. Asichokijua Boone ni kwamba Decker mwenyewe ndiye muuaji anayeingia majumbani na kuua familia nzima, akiwa amevaa kinyago cha kitambaa chenye vifungo mahali pa macho na zipu mahali pa mdomo. Decker anatumia ndoto za mgonjwa wake kumshawishi kwamba yeye ndiye aliyeua, kisha anampa dawa za kulevya akidai ni za matibabu.

Boone aliyechanganyikiwa anagongwa na lori na kupelekwa hospitali. Huko anakutana na Narcisse, mtu anayeitafuta Midian kwa hamu kiasi cha kujichuna ngozi ya kichwa. Kutoka kwake Boone anapata njia ya kufika huko. Hata hivyo mapokezi si mazuri. Zimwi Peloquin ananusa damu yake na kutambua kwamba hajawahi kuua mtu. Kwa sheria ya mazimwi, asiye na hatia ni mwanadamu tu, na mwanadamu ni chakula. Anamng'ata. Boone anaponyoka, lakini nje anakuta polisi walioletwa na Decker. Decker anapiga kelele kwamba Boone ana bunduki, nao polisi wanampiga risasi hadi kufa.

Sumu ya kung'atwa inamfufua katika chumba cha maiti. Anarudi Midian na sasa anakubaliwa, akibatizwa kwa damu ya Baphomet, mungu wao aliyekatwa vipande. Lori naye anamtafuta. Karibu na makaburi anamwona kiumbe mdogo anayeungua juani, anamwokoa na kumpeleka kivulini, ambako anageuka kuwa mtoto wa kike aitwaye Babette. Mama yake, Rachel, anamweleza Lori asili yao: wao ni mabaki ya jamii nyingi ambazo wanadamu walizichoma moto na kuziangamiza kwa karne nyingi, wengine kwa kuogopwa na wengine kwa kuonewa wivu.

Kwa kuwa alivunja sheria na kujionyesha kwa watu ili amwokoe Lori, Boone anafukuzwa. Anakamatwa, na daktari wa polisi anagundua kwamba moyo wake haupigi. Kapteni Eigerman (Charles Haid) anakusanya askari na raia wenye silaha, nao wanakwenda kuichoma Midian. Katika vita hivyo Boone anamuua Decker, lakini mji unateketea. Baphomet anampa Boone jina jipya, Cabal, na kumwagiza awatafutie watu wake makao mengine.

Jina la Midian

Wasomaji wa Biblia watalitambua jina hilo mara moja. Midiani ni nchi ambayo Musa alikimbilia baada ya kumuua Mmisri, na katika Kurani huitwa Madyan. Jina hilo linafaa mahali pa kukimbilia kwa mtu anayesakwa kwa mauaji, isipokuwa kwamba Musa aliua kweli na Boone hakuua. Tofauti hiyo ndiyo inayomponza mlangoni, kwa sababu kinachomhukumu duniani ndicho ambacho kingemfungulia Midian.

Utayarishaji

Nightbreed ilikuwa filamu ndefu ya pili ya Barker baada ya Hellraiser (1987). Sehemu kubwa ilipigwa katika studio za Pinewood, Uingereza, kwa bajeti ya takriban dola milioni 11 iliyotolewa na kampuni ya Morgan Creek. Muziki ulitungwa na Danny Elfman. Mchoraji Ralph McQuarrie, anayefahamika kwa michoro yake ya Star Wars, alibuni mchoro wa ukutani unaoonyesha historia ya mazimwi.

Mapambo ya viumbe yalisimamiwa na Bob Keen na kundi lake la Image Animation, na hapo ndipo penye uhai wa filamu. Kinski ana uso uliopinda kama mwezi mwandamo, Shuna Sassi amefunikwa na miiba kama nungunungu, na kila kijia cha Midian kina kiumbe kingine anayeonekana kwa sekunde chache tu. Kwa upande mwingine, Decker hana pambo lolote zaidi ya suti na kinyago. Cronenberg, Mkanada ambaye kazi yake hasa ni kuongoza filamu (aliongoza The Fly mwaka 1986), anaongea kwa upole na sauti ya chini, na wengi huona kwamba ndiye anayetisha kuliko viumbe wote. Waigizaji kadhaa wa Hellraiser walirudi pia, akiwemo Doug Bradley, aliyecheza kama Lylesburg, mzee na mtunza sheria wa Midian.

Mvutano na kutolewa

Barker alikuwa ametengeneza hadithi ambayo mtazamaji anatakiwa kuwapenda mazimwi. Wenye fedha walitaka kitu walichokuwa na uzoefu wa kukiuza: muuaji mwenye kisu. Filamu ilipunguzwa sana, matukio mapya ya Decker yakaongezwa, na toleo la sinema likabaki na dakika 102. Sauti ya Bradley iliondolewa na kuwekwa ya mtu mwingine. Mabango na matangazo ya 20th Century Fox hayakugusia Midian wala wakazi wake, bali yaliitangaza kana kwamba ni filamu ya muuaji wa kawaida. Waliokuja kwa ajili ya muuaji walikuta kitu kingine, na waliotaka njozi hawakujua kwamba ipo. Mapato ya Marekani hayakufika dola milioni 9.

Hata hivyo filamu ilipata wapenzi wake polepole kupitia kanda za video. Wengi wao waliiona Midian kama mfano wa jamii za watu wanaolazimika kujificha, hasa mashoga. Mwongozaji Alejandro Jodorowsky ni miongoni mwa walioisifu kwa mtazamo huo. Hadithi iliendelezwa pia katika vitabu vya katuni vya Epic Comics, tawi la Marvel, vilivyofikia matoleo 25.

Matoleo ya baadaye

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba sehemu zilizokatwa zimepotea. Baadaye zilipatikana kanda za VHS za hatua ya uhariri, zenye picha hafifu. Mwaka 2012 kanda hizo ziliunganishwa na filamu iliyokuwepo na kupata toleo la saa mbili na nusu hivi lililoitwa The Cabal Cut, ambalo lilizungushwa katika matamasha. Mahitaji ya mashabiki yalisababisha negativu halisi zitafutwe na kupatikana, na mwaka 2014 kampuni ya Scream Factory ilitoa toleo la mwongozaji lenye dakika 120.

Toleo hilo si lile la zamani lililorefushwa tu. Sauti ya Bradley imerudishwa, baadhi ya matukio yaliyoongezwa kwa shinikizo yameondolewa, na mapenzi ya Boone na Lori yamepewa nafasi kubwa zaidi. Mwisho nao umebadilika. Toleo la 1990 linaishia kwa Decker kufufuliwa, kama ilivyokuwa desturi ya filamu zilizotarajia mwendelezo. Katika toleo la mwongozaji Decker habakizwi kwa ajili ya filamu nyingine. Ni Lori anayejichoma kisu ili Boone amng'ate, naye awe mmoja wa watu wa usiku.